Kuvuka Msitu kwa Miguu na Kupiga Kambi Ufukweni: Anza na Maji

Karibuni. Kabla sijafungua begi kuwaonyesha kilichomo, tuangalie kwanza hii ratiba ya maji kujaa na kupwa. Wengi huikumbuka wakiwa wameshafika mtoni, na hapo imeshachelewa. Maji huchukua takriban saa 6 kujaa, na saa 6 nyingine kupwa, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, kunakuwa na bamvua: bahari hupanda juu kuliko kawaida. Ziandike saa hizo kwenye karatasi, maana msituni usitegemee mtandao. Ofisi ya hifadhi waulize kuhusu kibali cha kambi, na kama unalazimika kuwa na mwongozaji.

Sasa begi. Mtu wa kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12, maji yakiwemo, na kila lita ni kilo nzima. Tazama ninavyopanga. Ninaanza kwa kutandaza mfuko mzito wa plastiki ndani ya begi lote, kila kitu kinaingia humo, kisha ninausokota mdomo. Kifuniko cha nje peke yake hakitoshi, kwa sababu mvua hupenya upande wa mgongoni. Vitu vizito vikae karibu na mgongo. Nguo za kulalia nazifunga peke yake, na sizigusi mpaka jioni hata nikiwa nimelowa chapachapa. Asubuhi navaa tena zile mbichi. Haipendezi, najua, lakini ukilowesha seti zote mbili, usiku utatetemeka hata kwenye nchi ya joto.

Ondoka kukipambazuka. Msitu hauna upepo, jasho halikauki, kwa hiyo kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakubana. Maji ya kijito yachuje kwa kitambaa, kisha yachemshe, yakitokota uhesabu dakika 1 kamili. Ukitumia vidonge vya kusafisha maji, chuja vilevile kwanza. Kwenye maji ya tope havifanyi kazi vizuri. Usishike shina wala mzizi bila kuangalia. Ruba akikung'ang'ania, mbandue kwa ukucha, usimchome moto.

Hapa sasa naomba utulivu wenu. Huu ni mlango wa mto, mahali ninapopaogopa kuliko pote njiani. Ukiona maji yanajaa, keti usubiri. Vuka yakiwa yamepwa, na kama kuna mamba eneo hili, usivuke bila mwongozaji. Fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani, ili ukiteleza uweze kulivua begi. Viatu usivue. Shika fimbo, elekea yanakotoka maji, vuta mguu mmoja baada ya mwingine. Kama yamepita magoti na yana kasi, rudi.

Karibu na ikweta jua huzama kwenye saa 12 jioni na giza huingia mara moja, kwa hiyo fika ufukweni kabla ya saa 10. Tafuta mstari huu wa mwani na vijiti vilivyokauka: ndipo bahari ilipofika mara ya mwisho. Hema liwe juu ya mstari huo kwa hatua nyingi, hasa wakati wa bamvua. Tazama na juu pia. Mnazi wenye nazi, tawi lililokufa, hapana. Karibu na mikoko usubi watakusumbua sana jua likizama. Sogea penye upepo na uvae mikono mirefu.

Kuogelea, waulize walinzi kwanza. Mkondo ukikuvuta kwenda kilindini, usishindane nao, ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie.

Usiku, ukiona kasa anapanda mchangani, zima taa zote, kaa mbali, usipige picha kwa mwanga. Chakula kifungie kwenye chombo kigumu, mbali na hema.

Kabla ya kulala chomeka kijiti hiki pale maji yalipofika, kisha tazama ile karatasi ya saa. Kesho mto ni uleule, nami nitauvuka yakiwa yamepwa.