Msumari si fyuzi

Assalaam alaykum. Nimealikwa nizungumze juu ya umeme wa magari ya kulala, hizi Hiace mnazozing'oa viti, mkatia kitanda, friji na feni, mkawakodisha wageni wazunguke nazo kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Nitaanza na fyuzi. Najua, wengine mmeshanisikia. Na mimi misumari bado naikuta.

Kijana mmoja, jina lake nalisitiri, aliniletea gari kutoka Jambiani, godoro lina tundu kama sahani. Mwanangu, kumetokea nini? "Friji, mwalimu." Friji naitazama, nzima, haina hata mkwaruzo. Nikainua kiti. Waya wa friji, wa milimita 2.5, umepitishwa juu ya chuma cha kiti, na kila gari ikirukia shimo chuma kinausugua, mpaka mpira wake ukaisha. Ikapiga shoti. Fyuzi ya buluu, ile ya ampia 15, ikakatika, maana ndiyo kazi yake. Akatia nyengine, ikakatika. Akatia ya tatu, ikakatika. Kaambiwa mara tatu, yeye kaona fyuzi za siku hizi mbovu! Akachomeka msumari. Msumari haukukatika. Waya ndio uliogeuka mwekundu chini ya godoro, na wageni wawili wakashuka njiani na mito yao mikononi.

Tabia hii naijua ilikotoka. Umeme wa Unguja ulipokatika Disemba 2009, usirudi mpaka Machi 2010, sote tulijifanya mafundi. Betri ya gari sebuleni, waya wa spika, taa ikawaka, alhamdulillahi. Ilikuwa dharura ile. Dharura gani imekaa mpaka leo?

Na nyinyi mnaotia fyuzi msicheke. Mnaiweka wapi? Pale pale kwenye friji, mita nne kutoka kwenye betri. Mita nne hizo zinalindwa na nani? Fyuzi hailindi friji, inalinda waya. Iweke shubiri moja tu kutoka kichwa cha chanya cha betri, na ukubwa wake uufuate waya. Waya mwembamba, fyuzi ndogo, hata kama kifaa kinataka zaidi. Kikitaka zaidi, badilisha waya kwanza. Ile plagi ya mraba ya pini tatu, tuliyoachiwa na Muingereza, ina fyuzi tumboni mwake. Mtu hakuliamini hata birika lake la chai, wewe unaiamini betri?

Nasikia mtu nyuma anasema volti 12 haiuwi. Haya, haikurushi, nakubali. Lakini angusha spana juu ya vichwa viwili vya betri, uone kama utaishika tena. Betri kubwa ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampia, pengine zaidi ya elfu moja. Na kwa wati zile zile, volti ikiwa ndogo, ampia ndiyo inakuwa kubwa. Birika la wati 2000 nyumbani linavuta kama ampia 9. Lipitishe kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ukawa kama wa nyumbani, betri ya volti 12 itatakiwa kutoa zaidi ya 160. Kwa waya gani? Ule wa spika? Mgeni akitaka chai, mchemshieni kwenye gesi, na dirisha liwe wazi.

Naambiwa dakika tano. Haya, mbiombio. Betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo isifungiwe chini ya kitanda bila tundu la hewa, na sigara iwe mbali. Ikipumzika inasoma kama volti 12.7 ikiwa imejaa, ikifika 12.2 imebaki nusu, zima friji. Chumvi ya bahari hula shaba ikawa kijani, kwa hiyo kila mwezi fungueni vichwa, msugue, mpake grisi. Mkifungua, hasi kwanza; mkifunga, hasi mwisho. Umeme wa hoteli unaoingizwa kwenye gari upite kwenye swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30, kwa sababu ule ni volti 230 na mgeni anatoka baharini ana maji mwili mzima. Kidhibiti cha sola nilitaka kukieleza, hakiwahi.

Ile Hiace nyeupe chini ya mwembe, mwenyewe nani? Wewe? Nimechungulia dirishani nilipokuwa napita. Usiwashe friji. Tukitoka kuswali nakuja na spana.