Siku ya Tisa ya Dawa: Kuhama Chumba Ukiwa na TB

ZUHURA: Wasikilizaji, karibuni. Nilimwomba Kaka Selemani aje na kadi yake ya matibabu ya TB, na ameileta. Iko mezani hapa, imekunjikakunjika. Kaka, chumba chako cha Manzese ulikihama ukiwa siku ya tisa ya dawa?

SELEMANI: Siku ya tisa, dada. Nesi alikuwa ameniambia nilale peke yangu, dirisha liwe wazi usiku na mchana, nikitoka kwenda chooni nivae barakoa. Nyumba zetu unazijua: vyumba sita, korido katikati, choo kimoja uani. Miezi miwili wapangaji wenzangu walinisikia nikikohoa, hakuna aliyesema neno. Siku niliyorudi kutoka kliniki na mfuko wa dawa, ndiyo baba mwenye nyumba akaja kugonga.

ZUHURA: Akasemaje?

SELEMANI: Alisimama kule mwanzo wa korido, hakusogea. "Kijana, nakuonea huruma, lakini humu kuna watoto. Nakupa siku tatu." Na nilishalipa kodi ya miezi sita, miwili ilikuwa bado.

ZUHURA: Hapo ndipo panaponiuma. Miezi miwili umekohoa bila dawa, ukaachwa. Umeanza dawa, ambazo kwa wagonjwa wengi ndani ya wiki mbili hivi zinapunguza sana uambukizaji kama TB yenyewe si sugu, ndipo unaambiwa utoke!

SELEMANI: Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilikuwa na kilo 48, kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akawaita wote wawili, wakakubaliana kodi ya mwezi mmoja na nusu irudishwe, na mimi nikae hadi Jumapili ya wiki iliyofuata. Ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Ile hela ndiyo iliyonipatia chumba Mbagala, maana huko nako walitaka miezi mitatu mbele, na dalali naye alisubiri chake.

ZUHURA: Haya, Jumapili imefika. Mizigo nani anabeba?

SELEMANI: Kaka na vijana wawili wa kijiweni. Vijana walipofika kwenye godoro wakasita. Mmoja akaniuliza kwa mbali, "Bro, hili si litatupa?" Sikumlaumu, hata mimi wiki moja nyuma ningeuliza hivyo hivyo. Nikamweleza nilivyoelezwa na nesi: TB haikai kwenye godoro wala kwenye sahani ikamsubiri mtu. Inatoka na pumzi ya mgonjwa anayekohoa, inaelea hewani, mwingine anaivuta, hasa kwenye chumba kilichofungwa. Kwa hiyo mimi nilitoka asubuhi na mapema, nikaacha mlango na dirisha wazi, nikaenda kukaa chini ya mwembe, barakoa usoni. Wao waliingia saa nne, chumba kimepigwa upepo vya kutosha.

ZUHURA: Na safari yenyewe? Kutoka Manzese hadi Mbagala si karibu.

SELEMANI: Kirikuu. Dereva akaniambia nikae mbele kwa sababu ninaumwa. Nikamwambia hapana, kule mbele tungebanana mle ndani, hewa moja. Nikapanda nyuma na kaka, juu ya godoro, upepo wote wetu.

ZUHURA: Uliniambia kuna kosa ulilifanya siku ile.

SELEMANI: Dawa. Nilikuwa nakunywa vidonge vitatu kila asubuhi, vile vyenye dawa nne ndani ya kidonge kimoja. Asubuhi ile, katika kufungafunga, mfuko wa dawa ukatumbukia ndani ya shangazi kaja pamoja na nguo. Mabegi yalikuwa manne, yote yanafanana. Nilivipata saa mbili usiku, kwa tochi ya simu, nikavinywa saa ile ile. Dada, dawa na kadi vinakaa mwilini mwako, havipandi gari na mizigo. Ukirukaruka dozi unampa mdudu nafasi ya kuizoea dawa, na TB sugu ina matibabu mazito kuliko haya ya miezi sita.

ZUHURA: Na kliniki je? Ulikuwa ukirudi Manzese?

SELEMANI: Nilimpigia nesi kabla ya kuhama. Akaniandikia barua ya uhamisho, na dawa zikaendelea kituo cha karibu na Mbagala, bure kama kawaida. Ila aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nyumba unayoiacha, nani ulikuwa unakaa naye karibu?"

ZUHURA: Watu ambao tayari walivuta hewa yako.

SELEMANI: Ndiyo hivyo. Baba mwenye nyumba alidhani nikiondoka, ugonjwa umeondoka. Kumbe miezi miwili ile ya kukohoa ilibaki na wale watu. Chumba cha pili alikaa mama mmoja aliyekuwa akiniletea uji, anaingia na mwanawe wa miaka miwili mgongoni. Nikampa nesi jina lake na namba, baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa kwenye simu. Nililia nikimpigia, sikufichi.

ZUHURA: Alikasirika?

SELEMANI: Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Wewe umekula?"

ZUHURA: Jamani.

SELEMANI: Akaenda kupimwa na mtoto. Wote hawakuwa na ugonjwa, mtoto akaanzishiwa dawa za kinga kwa sababu ya umri wake. Akazimaliza. Mama yake alinitumia picha ya mtoto ameshika kichupa kitupu cha dawa, nami nilikuwa bado nimebakiza mwezi mmoja wa zangu.