Sina Makuu: Kiberenge Kilichofutwa Jina

ZUHURA: Salim, taa imewaka? Haya. Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Ni mimi Zuhura, na Ami Athman yuko hapa mbele yangu na kahawa yake tungu, amenuna.

ATHMAN: Sijanuna. Nangoja uanze kunisingizia.

ZUHURA: Nani anakusingizia? Nasimulia ya Jumamosi, wasikilizaji wahukumu wenyewe.

ATHMAN: Wasikilizaji wako wote ni rika lako. Hukumu ishatoka.

ZUHURA: [anacheka] Mada ya leo tuliiahidi kitambo: vipi kuwavuta vijana waje kujitolea kwenye kazi hizi za kuhifadhi reli ya zamani, na wakishakuja, vipi wasikimbie. Ami ameandaa mafunzo matano, yako kwenye karatasi.

ATHMAN: Yameandikwa kwa wino.

ZUHURA: Tutayafikia. Kwanza Jumamosi. Nyinyi mnaotufuata mwajua kile kiberenge chetu kule Changamwe, kigari cha kusukuma walichokuwa wakipanda mafundi wa njia kukagua reli na mataruma, yale magogo ya chini ya reli. Wazee wa kikundi walikinusuru kisiende kwa wauza chuma chakavu. Mimi nikaleta vijana wa chuo, wanasomea mitambo. Walipiga msasa, wakang'oa kutu, wakafungua beringi wakazitia grisi. Tena kuna binti mmoja alilegeza boliti iliyowashinda wazee tangu mwaka jana.

ATHMAN: Haikutushinda. Tulikuwa tumeitia mafuta ilainike.

ZUHURA: Mwaka mzima, Ami?

ATHMAN: Kutu ya pwani si kutu ya bara.

ZUHURA: Sawa. Ijumaa jioni kiberenge kimekwisha, kinang'aa, wale vijana wakakipa jina. Wakaandika ubavuni kwa rangi nyeupe, mwandiko wa matatu ule wenye kivuli: SINA MAKUU. Wallahi kilipendeza. Jumamosi asubuhi tunafika, twamkuta mzee mmoja, simtaji jina...

ATHMAN: Usimtaje.

ZUHURA: Simtaji. Ana tapentaini na kitambaa, anafuta. Ashafika kwenye "MAKUU". Na pembeni yake kuna mtu kasimama, kavaa kofia ya vito, kashika kopo.

ATHMAN: Kushika kopo si kufuta.

ZUHURA: Vijana hawakugomba. Walinawa mikono, wakaaga kwa adabu, na usiku wakaanza kutoka kwenye grupu. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Nimekaa na simu mkononi nawatazama wakiondoka. Haya, sema.

ATHMAN: Nasema. Kitu cha kale si chako, umewekewa amana. Kile kiberenge kina namba yake, na rangi yake ilikuwa ya idara. Anayekuja kukitazama anataka kuona kilivyokuwa siku za kazi, hataki kuona ulivyojisikia wewe Ijumaa jioni. Leo Sina Makuu, kesho maua, keshokutwa taa za disko na spika chini ya kiti.

ZUHURA: Spika wazo zuri.

ATHMAN: Waona!

ZUHURA: Lakini Ami, reli yenyewe ilikuwa ikizipa injini majina. Wewe ndiye uliyenifundisha. Zile Garratt kubwa, kundi la 59, si zilikuwa na majina ya milima?

ATHMAN: Ah. Hapo sasa wanigusa. Zile zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1950. Kila moja zaidi ya tani 250, na hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyozishinda nguvu, dunia nzima. Boila katikati, seti ya magurudumu mbele na nyingine nyuma, ili iweze kupinda kwenye kona zetu. Babangu alikuwa fayamani. Watu hudhani alipiga koleo la makaa. La, zile zilichoma mafuta mazito, yeye kazi yake macho kwenye moto na maji, na mkono kwenye vali. Ukizembea, moshi mweusi Mombasa nzima wajua fulani amelala.

ZUHURA: Na majina?

ATHMAN: 5918 ni Mount Gelai, 5930 ni Mount Shengena. Zote mbili ziko makumbusho ya reli Nairobi, yale yaliyofunguliwa 1971. Gelai ilifufuliwa ikatembea tena kwa mvuke mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gelai ni mlima uko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Shengena uko Upare.

ZUHURA: Nairobi hiyo, Tanzania hiyo. Na sisi tulikoanzia reli 1896, hapa hapa Kilindini?

ATHMAN: Sisi hatuna mlima, mwanangu. Tuna mwinuko wa Mazeras, na injini ikiupanda ilikuwa yatokwa jasho.

ZUHURA: Basi tungepewa hata ya heshima tu, ya mitaa yetu ya Mombasa. Mlima Kibokoni.

ATHMAN: [anacheka] Mlima Kibokoni haiondoki stesheni mpaka dereva amalize kahawa na kashata.

ZUHURA: Mlima Likoni. Imewasha moto, abiria wamepanda, yasubiri feri.

ATHMAN: Mlima Mwembe Tayari! Yasimama kila hatua, "Wawili tu, wawili tu, twaondoka!" na behewa zima liko tupu.

ZUHURA: Salim anaandika kitu kule kwenye kioo. Nini? "Mlima... Nyali." Yake ikoje, Salim? Eti haipigi honi, haisalimii mtu.

ATHMAN: Huyo Salim ana kisa na Nyali.

ZUHURA: Mlima Kongowea, imebeba vitunguu mpaka chumba cha dereva.

ATHMAN: Mlima Majengo. Hiyo ndiyo ya babangu. Inakwenda, inapita kila kitu, lakini inataka kujua habari za kila mtu njiani.

ZUHURA: Basi waona, Ami? Dakika ngapi hizi tumezungumzia majina, na uso wako umefunguka. Wale vijana nao ni hivyo hivyo. Ukishakipa kitu jina, utarudi kukitazama.

ATHMAN: Usinitege. Majina ya Gelai na Shengena aliyatoa mwenye reli, siku injini zinaanza kazi. Ni sehemu ya historia yake. Wewe umekuja baada ya kazi kwisha, ukabatiza.

ZUHURA: Haya, twende Uingereza basi, kwa sababu najua utanipeleka huko.

ATHMAN: Nitakupeleka Wales. Reli ya Talyllyn, ilijengwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea. Ilipokaribia kufa, mwandishi mmoja, Tom Rolt, na wenzake wakaichukua, na 1951 ikawa reli ya kwanza duniani kuendeshwa na watu wa kujitolea. Bluebell ikafuata 1960. Wale walikuja na mikono, hawakuja na kopo la rangi.

ZUHURA: Walikuja na kopo la rangi, Ami. Nilisoma jana usiku nikijua utaleta Talyllyn. Injini yao namba 7 inaitwaje?

ATHMAN: Tom Rolt.

ZUHURA: Umesema mwenyewe.

ATHMAN: Ile waliiunda wenyewe karakanani, kwa kugeuza injini ya Ireland. Mwenye kuunda ana haki ya kutaja.

ZUHURA: Na namba 6? Iliundwa 1918, ikafanya kazi kwenye kambi ya jeshi la anga. 1953 ikapewa Talyllyn, na Talyllyn wakaiita Douglas. Miaka thelathini na mitano baada ya kuundwa! Wakaibatiza, na mpaka leo hakuna aliyekuja na tapentaini.

ATHMAN: Hilo ni jina la upande wa aliyeitoa. Ni shukrani kwa mfadhili.

ZUHURA: Na aliyelegeza boliti si mfadhili?

ATHMAN: [kimya]

ZUHURA: Ami?

ATHMAN: Nakunywa kahawa.

ZUHURA: Mimi nasema hivi. Mtoto aliyezaliwa 2010 alikuwa na miaka saba SGR, ile reli mpya ya Nairobi, ilipofunguliwa, Mei 2017. Yeye gari moshi kwake ni stesheni mpya ya Miritini, ni kiyoyozi na tikiti ya simu. Hakuona treni ikiingia mjini stesheni ya zamani, babake hakuwa fayamani. Hana kumbukumbu ya kumrudisha pale. Kumbukumbu yake itaanza na kile kiberenge, na ikiwa ile siku ya kwanza anafutiwa kazi yake mbele ya macho, basi itaishia hapo hapo.

ATHMAN: Sasa nisikize na mimi, bila kunikata. Anayeondoka kwa sababu ya rangi, siku ya boila ataondoka kwa sababu gani? Mvuke haubembelezi. Kule Uingereza kijana haanzi na usukani, anaanza kufuta injini kwa matambara, miaka. Baadaye awe fayamani, tena miaka. Ndipo udereva. Sheria yao ya 1920 haitaki hata mtoto wa umri wa shule afanye kazi za viwandani, na reli imo, mpaka wanasheria wakasema hata wa kujitolea wanaingia humo. Kwa hiyo wana subira ya kungoja. Sisi tukiwafundisha vijana kwamba kila wakinuna wazee watawafuta machozi, tumewafundisha nini kuhusu reli?

ZUHURA: Lakini yule anayefuta injini kule ameona ngazi. Anajua juu ya tambara kuna koleo, juu ya koleo kuna usukani. Sisi ngazi yetu iko wapi? Gelai na Shengena ziko Nairobi. Hapa tuna kiberenge kimoja na ufagio. Kijana anafagia, halafu anafagia tena, halafu anatumwa chai.

ATHMAN: Hakuna aliyetumwa chai.

ZUHURA: Ami. Chai ya tangawizi, na viazi karai vya pale kona, "na ukwaju usisahau."

ATHMAN: Hiyo ni heshima kwa wazee.

ZUHURA: Nakubali, na waliileta kwa furaha. Nasema tu ukishamaliza ukwaju mwonyeshe na kingine. Mwonyeshe jinsi gengi, wale mafundi wa njia, walivyokuwa wakigonga taruma kwa nyundo wakajua kwa sauti limeoza ndani. Ulinionyesha mimi. Hao hamkuwaonyesha.

ATHMAN: Hawakuuliza.

ZUHURA: Hawajui kwamba kuna la kuuliza!

ATHMAN: Hilo... hilo nalichukua. Nitawaonyesha. Lakini jina halirudi.

ZUHURA: Basi hata ubao mdogo wa kuning'iniza kwa mnyororo? Rangi haiguswi, namba iko, ubao watoka ukitaka kupiga picha ya kihistoria.

ATHMAN: Ubao ni mlango. Ukishaufungua...

ZUHURA: Spika chini ya kiti, nimesikia.

ATHMAN: Sikubali.

ZUHURA: Nami sikubali. Na sitawapigia simu warudi mpaka nipate la kuwaambia.

ATHMAN: Basi usiwapigie. Nitampigia yule wa boliti mwenyewe.

ZUHURA: Utamwambia nini?

ATHMAN: Nitamwambia kuna boliti nyingine.

ZUHURA: [anacheka] Na akikuuliza habari ya jina?

ATHMAN: Nitamwambia aongee na Zuhura.

ZUHURA: Mtu huyu! Salim anatuonyesha vidole. Dakika mbili? Yaani mbili? Ami, karatasi.

ATHMAN: Nimeandika mafunzo matano hapa, na kila moja lina maelezo na mfano.

ZUHURA: Soma vichwa tu.

ATHMAN: La kwanza, nauli. Kijana wa Mtongwe kufika Changamwe ni feri na matatu mbili, na hana kipato. Kikundi kimlipie nauli, si mshahara, nauli.

ZUHURA: Hili tunakubaliana?

ATHMAN: Kabisa. Ila apewe mwisho wa siku, akishafanya kazi.

ZUHURA: Apewe mwanzoni! Anafikaje asubuhi bila nauli?

ATHMAN: Atakopa kwa babake kama sisi tulivyokopa.

ZUHURA: Ami, huyo babake ndiye...

ATHMAN: La pili, cheti chenye kueleza kazi aliyofanya, si kile cha "amehudhuria". La tatu...

ZUHURA: Dakika moja.

ATHMAN: La tatu lina mfano wa behewa namba 12 lililoko makumbusho Nairobi, lile ambamo simba alimuua Ryall pale Kima mwaka 1900. Sasa watoto wa shule wakifika pale...

ZUHURA: Hilo halitoshi kwenye dakika moja, hilo ni kipindi kizima.

ATHMAN: Basi la tatu, la nne na la tano juma lijalo.

ZUHURA: Juma lijalo tuna mgeni wa majahazi, tulishamwahidi.

ATHMAN: Juma la baadaye.

ZUHURA: Tutaona. Jumamosi tuko Changamwe saa tatu asubuhi, mwenye glavu alete glavu, na anayejua kuchomelea tafadhali aje, kuna breki ya mkono imekatika. Ami, sema kwaheri.

ATHMAN: Namba yake ya simu iko wapi, yule binti? Mimi sina.

ZUHURA: Nitakutumia. Salim, zima.