Namba ya Mlipa Kodi Siyo Namba

Ndugu mwenyekiti, asante. Naona waliowahi kunisikia wameshaanza kucheka, maana wimbo wanaujua. Nitauimba tena, na mwakani nikialikwa nitauimba, mpaka siku nitakayofungua hifadhidata ya mtu nikakuta TIN, yaani namba ya mlipa kodi, imewekwa kama maandishi.

Nani hapa amewahi kuzidisha TIN mara mbili? Nani ametafuta wastani wa TIN za wateja wake? Hakuna. Sasa kwa nini mnaiweka kwenye safu ya namba?

Jibu lenu nalijua: “Mzee, TIN yetu ni tarakimu tisa, herufi haina, shida iko wapi?” Shida ni kwamba mteja wako kesho anafungua tawi Nairobi. Kule namba ya mlipa kodi ni PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya: inaanza na A ikiwa ni ya mtu, P ikiwa ni ya kampuni, halafu tarakimu tisa, halafu herufi nyingine mwishoni. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aling'oa herufi zote mbili ili zilizobaki zimtoshee kwenye safu yake. Sasa, PIN nyingi za kampuni kule zinaanza na P05. Safu ya namba haitunzi sifuri ya mwanzo, kwa hiyo sifuri ikaliwa. Siku ya kutoa ankara tukawa na tarakimu nane zisizo na kichwa wala mkia, tunapigia wateja simu mmoja mmoja: “Samahani bosi, tusomee tena PIN yako.” Wiki nzima! Na yeye ananiambia safu ya namba inatafuta haraka zaidi.

Ngojeni niandike ubaoni. Hii ninaipenda kuliko zote.

00.000.000/0001-91

Msicheke, siyo mfano wa kubuni. Ni namba ya Banco do Brasil, moja ya benki kubwa kabisa za Brazil. Kule namba ya kampuni inaitwa CNPJ, ina nafasi 14, na mbili za mwisho ni tarakimu za ukaguzi, zinazokokotolewa kutoka zile za mwanzo. Iweke kwenye safu ya namba uone: inabaki 191. Benki nzima imekuwa namba ya chumba cha hoteli.

Tuikague pamoja, ni hesabu ya darasa la tano. Tarakimu 12 za mwanzo zinazidishwa kila moja kwa uzani wake: 5, 4, 3, 2, kisha 9 mnashuka tena hadi 2. Sifuri zote hazileti kitu. Imebaki ile 1, uzani wake 2, jumla ni 2. Gawanya kwa 11, baki ni 2. Kumi na moja toa mbili? Tisa. Duru ya pili mnaiingiza hiyo tisa, na uzani unaanzia 6. Moja mara tatu, tatu. Tisa mara mbili, kumi na nane. Jumla 21, baki 10, kumi na moja toa kumi ni moja. Tisa, moja: 91. Imekubali.

Lakini baki ikiwa 0 au 1, sheria inasema andika 0. Kwa hiyo sifuri 14 tupu nazo zinapita! Mwandika programu akiliona hilo anakurupuka, anaweka sharti la kukataa namba yenye sifuri nyingi, na hapo amekwisha kuifukuza benki. Sharti sahihi ni kukataa namba ambayo tarakimu zake zote 14 zinafanana, basi.

Bado sijamaliza Brazil. Oktoba 2024 mamlaka yao ya mapato ilitangaza kwamba kuanzia Julai 2026 CNPJ mpya zitaruhusiwa herufi katika nafasi 12 za mwanzo. Za zamani zinabaki zilivyo, na hesabu ni ileile, ila A inahesabiwa 17, B 18, hivyo hivyo mpaka Z. Aliyehifadhi maandishi anabadilisha mistari michache. Aliyehifadhi namba, pole yake.

Haya, kuna dada pale nyuma amenuna tangu nianze. Najua anachotaka kusema: tukilegeza masharti ya kukagua namba, takataka zitaingia. Dada yangu, takataka zinaingia kwa sababu mmekaza. Nilikaa siku moja kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Akaja fundi, kanunua mabati, anataka risiti yenye TIN ya kampuni yake. Kwenye kadi yake tarakimu zimeandikwa tatu-tatu-tatu, na vistari katikati. Binti wa kaunta akaiandika kama alivyoiona. Programu: “TIN si sahihi.” Akarudia. “TIN si sahihi.” Foleni inaguna. Akainama, akaandika TIN ya duka lenyewe, ambayo anaijua kwa moyo, risiti ikatoka. Nilipoangalia ripoti ya mwezi, mteja mkubwa wa lile duka alikuwa ni duka lenyewe.

Na kosa lilikuwa nini? Vistari viwili! Kuviondoa ni mstari mmoja wa msimbo. Ondoa vistari, ondoa nafasi, geuza herufi zote ziwe kubwa, ndipo upime. Kama bado una shaka, mwonye mtu, weka alama, mwache aendelee, ukague baadaye.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka. Muundo kuwa sahihi hakumaanishi namba ipo. Anayejua kama ipo ni mamlaka iliyoitoa. KRA wana ukurasa wa kukagua PIN, utumieni. Umoja wa Ulaya wana VIES, mtambo wa mtandaoni wa kukagua namba za VAT, ambao hauna orodha yake wenyewe: unauliza nchi husika, na mitambo ya nchi hiyo ikiwa imelala unajibiwa kwamba haipatikani. Haipatikani siyo batili! Msimfungie mteja wa watu. Namba za Uingereza zimeondolewa humo tangu 2021, isipokuwa za Ireland ya Kaskazini, zinazoanza na XI. TIN ya Uganda ni tarakimu kumi, msinakili sharti la Tanzania mkadhani mmemaliza Afrika Mashariki. VRN nayo, ile namba ya usajili wa VAT ya hapa Tanzania, nyingi mnazoziona kwenye risiti zina herufi mwishoni, kwa hiyo yale niliyosema… sawa, sawa mwenyekiti.

India nilikuwa na slaidi tatu, tutaongea kwenye chai. Na yule kijana aliyeniambia asubuhi namba ya kampuni ya Ugiriki inamkatalia kila akiijaribu: umeandika GR mwanzoni. Kule kwenye VIES Ugiriki ni EL. Jaribu sasa hivi, uniambie.