Kabla ya Kanuni, Chora Mstatili

Nimelisema hili katika kila darasa nililoingia, na leo nalirudia: kabla hujaintegreti (yaani kutafuta eneo lililo chini ya grafu) saini kinyume, ile arcsin inayokurudishia pembe kutoka kwenye saini yake, chora mstatili.

Kuna mwanafunzi mmoja simsahau. Nilimpa arcsin x aiintegreti kutoka 0 hadi 1. Akaandika upesi 1/√(1 − x²). Nikamwambia hapo umedifarenshieti, umetafuta mteremko badala ya eneo. Akafuta, akasimama na chaki mkononi, akauliza: "Mwalimu, kanuni yake ni ipi?" Hakuwa mvivu. Alikuwa na daftari zima la kanuni, ila hiyo moja ilikuwa imemtoka kichwani, na bila hiyo hakuwa na pa kuanzia.

Nikamwambia achore grafu. Inaanzia 0, inapanda, inafika kimo cha π/2 pale x inapokuwa 1. Sasa izungushie mstatili wa upana 1 na kimo π/2. Eneo la mstatili huo ni π/2. Hapo hata kalkulasi haihitajiki. Grafu imeugawa vipande viwili. Cha chini ndicho tunachokitafuta. Na kile cha juu, kilichoegemea mhimili wa y? Inamisha kichwa ukitazame kwa ubavu. Ni saini ile ile ya siku zote! x = sin y, y ikitoka 0 hadi π/2, na eneo lake mnalijua nyote: ni 1. Basi cha chini ni π/2 − 1, takriban 0.571. Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe jibu nilikuwa nalo." Alikuwa nalo kweli.

Mahali pa ile 1 ya upana weka x yoyote kati ya 0 na 1. Mstatili ni x·arcsin x. Kipande cha juu ni 1 − √(1 − x²). Toa, na ile −1 imezwe na C, namba isiyobadilika inayoongezwa kwenye kila intigrali: x·arcsin x + √(1 − x²) + C. Ndiyo kanuni ya daftarini, safari hii mmeijenga wenyewe.

Najua atakayeinua mkono: "Mtihani unataka kuintegreti kwa sehemu." Sawa, fanyeni: kizidishwa kimoja mnakidifarenshieti, kingine mnakiintegreti. Chukueni arcsin x mara 1, ile 1 isiyoandikwa ambayo kila mwaka inawapotea watu, muintegreti hiyo 1 ipate x. Lakini tazameni hiyo x·arcsin x inayotangulia katika jibu. Ni mstatili wetu! Mwingine atasema mteremko wa arcsin pale kwenye 1 hauna kikomo, eneo litakuwaje na kikomo? Liko ndani ya mstatili, litatokea wapi? Na picha hii haihitaji mteremko hata kidogo. Laisant, mwanahisabati Mfaransa, aliichapisha kanuni ya jumla ya fanksheni kinyume mwaka 1905, na inasimama hata pale fanksheni isipodifarenshietika, mradi iwe endelevu na iwe inapanda tu au inashuka tu.

Nanyi mnaoandika sin⁻¹ x kisha mkaigeuza 1/sin x, acheni! Alama hiyo aliileta John Herschel, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1813, na hakumaanisha kugawanya. Andikeni arcsin.

Arccos, kinyume cha kosaini, haina kazi mpya. Ukijumlisha na arcsin unapata π/2, kwa hiyo eneo lake kutoka 0 hadi 1 ni 1, sawasawa na kile kipande tulichokitoa.

Arctan, kinyume cha tanjenti, kutoka 0 hadi 1, haraka: mstatili ni π/4, kipande cha juu ni intigrali ya tanjenti kutoka 0 hadi π/4, yaani nusu ya ln 2 (logi asilia ya 2). Linabaki takriban 0.439.

Arcsec sitaifikia leo. Ila x·arctan x siwezi kuiacha. Mkiintegreti x kwa sehemu, msichukue x²/2 kwa mazoea. Chukueni (x² + 1)/2, kwa kuwa C ni yenu kuchagua. Ile 1 + x² ya chini, inayotokea mkidifarenshieti arctan x, inafutika yote, mnabaki na (x² + 1)/2 · arctan x − x/2 + C. Jaribuni sasa hivi, kalamu mnazo.