Mnampa pasti pepa mtu ambaye hajaijua herufi E

Haya, habari za mchana jamani. Asanteni kwa kunialika tena. Najua wengine mshanisikia nikiyasema haya haya, kuna dada kaniuliza pale mlangoni mwalimu leo umekuja na jipya gani, nikamwambia sina, jipya nitaleta siku mkiacha la zamani.

IELTS, TOEFL na ndugu zao wote, hii mitihani ya Kiingereza, tunawajua hapa, kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea, sitawaelezea hayo. Mimi shida yangu ni huyu anayeanza. Anayeanza kweli, yule anayejua good morning na how are you alafu ukimuongezea swali la tatu anacheka tu. Huyu anakuja kwetu na tarehe ya mtihani mkononi, na sisi walimu siku ya kwanza kabisa tunampa nini? Pasti pepa, mtihani wa miaka iliyopita. Wengine mnatazama chini, sawa, najua ni nyinyi.

Kuna kijana alikuja kwangu na faili nene hivi, unaweza kulifanya mto ukalala. Ndani pepa 27 za kusoma, zote kazifanya, zote kazisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu na tarehe juu. Kijana mwenye bidii kuliko mimi. Pepa ya kwanza kapata 11 kati ya 40, pepa ya 27 kapata 12. Pepa 27 kapanda jibu moja, na hilo moja nalo nahisi alibahatisha. Nikamwambia kaa hapa, fanya swali moja tu mbele yangu na useme kwa sauti kila unachowaza.

Habari yenyewe ilikuwa ya jumba la makumbusho, na sentensi ilikuwa kama hivi: "The museum was founded in 1892 but did not open to the public until 1901." Chini yake unaambiwa mwaka 1892 watu walikuwa wanaingia humo kutazama vitu, useme ni kweli, si kweli, au haijaelezwa. Basi kijana akaweka kidole kwenye karatasi, kidole kikaanza kutembea, kikashuka mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo, kikafika 1892, kikasimama. Kweli, akasema. Na uso unang'aa kabisa.

Nikamuuliza umeisoma sentensi yote? Akasema hapana mwalimu, nimefundishwa usisome, tafuta namba au jina la mtu, jibu liko hapo hapo pembeni. Mnasikia? Nimefundishwa usisome. Kwenye mtihani wa kusoma!

Nikamwambia haya leo nakuruhusu usome. Akasoma taratibu, akafika kwenye "founded" akaniambia hii ni ile find, found, kwaiyo makumbusho yalipatikana mwaka 1892. Nikamuuliza yalikuwa yamepotea? Akafikiria kwanza, jamani, kweli akafikiria, alafu akasema labda yalifukiwa na mchanga. Na ukiangalia akili yake iko sawa kabisa, anajitahidi kutengeneza maana kwa vifaa alivyonavyo, tatizo vifaa ni vichache. Tulipomaliza "founded", kwamba ni kuanzishwa, tukaenda "until", kwamba watu hawakuingia mpaka 1901, na tulipomaliza "until" akakaa kimya alafu akasema kumbe jibu lilikuwepo kwenye sentensi muda wote. Ndiyo mwanangu. Huwa linakuwepo kwenye sentensi.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, lakini mwalimu hizo mbinu zinafanya kazi, mimi mwenyewe nilizitumia nikapata bendi 7, yaani alama 7 kati ya 9. Ni kweli zilikusaidia, kwa sababu we ulikuwa unajua kusoma tayari! Mbinu ya kupitisha macho haraka inamuokolea muda mtu ambaye akitaka kusoma polepole angeelewa. Kwa IELTS una dakika 60, maswali 40, habari tatu ndefu, lazima uokoe muda. Ila huyu wetu hana muda wa kuokoa, ukimpa siku nzima bado anapata 12.

Tena hili lina hesabu zake. Paul Nation wa New Zealand, huyu ni mtu wa msamiati, kazi zake na wenzake zinaonyesha kuwa ili usome kitu kwa raha bila kushikwa mkono unatakiwa ujue kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Yaani katika maneno 50, neno moja tu ndo liwe geni. Maneno 2,000 ya mwanzo, yale yanayotumika sana, ile orodha aliyoitoa Michael West mwaka 1953 bado ni mahali pazuri pa kuanzia, yanakufikisha kama asilimia 80 ya maandishi ya kitaaluma. Asilimia 80 mtu anaona ni nyingi, lakini maana yake kila neno la tano hulijui. Chukua habari yoyote ya Kiswahili, futa kila neno la tano alafu nijibu maswali 13. Na huyo ndo mwenye maneno 2,000 kichwani, mnayemletea pepa ana 500.

"Lakini mwanafunzi ana miezi mitatu tu." Hilo nalisubirigi. Haya tupige hesabu pamoja. Cambridge wenyewe, wanaotunga mitihani, wanatoa makadirio ya masaa ya kufundishwa kuanzia sifuri: kufika A2, yaani ngazi ya pili kati ya sita za lugha, ni masaa 180 hadi 200 hivi, B1 ya tatu ni 350 hadi 400, B2 ya nne ni 500 hadi 600. Mtu wako anasoma masaa mawili kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 12. Ni masaa 120. Hajafika hata A2, na we umemuahidi bendi 6 ambayo iko B2. Kama kuna njia ya kutoa 500 kwenye 120 mniitie huyo mwalimu, nitamlipia mimi ada. Mwambieni mwanafunzi ukweli siku ya kwanza, atakasirika, mwache akasirike akiwa bado ana hela yake ya mtihani mfukoni.

Na kwanza kwa nini anayeanza mnampeleka kwenye ngazi yenye bendi 9 wakati kuna mitihani ya kiwango chake? Kuna A2 Key, kuna B1 Preliminary. Kama aliyeomba cheti hajataja mtihani maalum, mwangalizieni huko. Watu wanapenda jina kubwa tu. Mtihani wa Proficiency wa Cambridge, ule wa juu kabisa, ulipoanza mwaka 1913 watahiniwa walikuwa watatu, wakakaa masaa kama 12 kwa jumla, na wote watatu wakafeli. Kwaiyo kupeleka watu kwenye mtihani uliowazidi ni mchezo wa zamani, tunauendeleza tu.

Sasa nije kwenye kitu changu, mnaonijua mnakijua. Herufi.

Kwenye IELTS sehemu ya kwanza ya kusikiliza ni watu wawili wanaongea mambo ya kawaida, mmoja anajaza fomu. Jina, anwani, namba ya simu, saa ngapi. Ndo sehemu rahisi kuliko zote, na hapo ndo watu wangu wanakufa. Mtu anataja jina lake la ukoo herufi kwa herufi, rekodi inapita mara moja tu hairudiwi, na ukikosea herufi moja jibu lote limeenda.

Chukua jina Bailey. B, A, I, L, E, Y. Mwenye Kiswahili kichwani anasikia nini? Herufi A Waingereza wanaiita "ei", sikio letu linasema hiyo ni E. Anaandika E. Inakuja I, wanaiita "ai", hapo kidogo anababaika, anasikia a, anaandika A. L anapata. Inakuja E, wao wanaiita "ii", na sisi "ii" tunaijua ni nini? Ni I! Anaandika I bila wasiwasi wowote. Mwisho anaweka Y. Bwana Bailey amekuwa Bealiy. Huyu mtu hajakosea kwa uzembe, kaandika alichosikia kwa uaminifu wote, masikio yake yanafuata sheria, ila sheria za lugha nyingine.

Tatizo hilo halionekani kwenye pasti pepa! Kwenye pasti pepa anaona alama ya kosa, anaangalia majibu nyuma, anaona Bailey, anasema aah Bailey, nilijua. Hakujua. Kesho anasikia Hailey anaandika Healiy, na mwalimu anamwambia ongeza bidii, fanya pepa nyingine.

Dawa yake ni imla ya dakika tano. Kila siku, kabla ya chochote. Mwalimu anataja majina kumi herufi kwa herufi, kwa kasi ya mtu anayeongea na simu, mara moja, wanaandika, wanabadilishana madaftari. Wiki ya kwanza ni msiba. Wiki ya tatu wanaanza kukusahihisha wewe. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika w kila nikisema double, double t, yaani t mbili, anaandika w alafu t, nikamuuliza hii w imetoka wapi, akasema mwalimu si umesema double u. Utamlaumu vipi?

Alafu saa. Mhudumu kwenye rekodi anasema quarter to nine. Kichwani kwa mtu wetu inageuka saa tatu kasoro robo, amepatia kabisa, alafu mkono unaandika 2:45. Nimeona hiyo kwa watu wazima wenye digrii zao. Kwaiyo saa nazo zinaingia kwenye imla, pamoja na fifteen na fifty, na tarehe, na namba za simu.

Mtaniambia hii ni kazi ya watoto wa chekechea, watu wazima wataona wanadharauliwa. Mimi watu wazima wangu wanaipenda kuliko kitu chochote, kwa sababu ndo sehemu pekee ya somo ambayo mtu anaona kwa macho yake jana nilipata 3 leo 6.

Sasa sikatai pepa kabisa. Wiki nne za mwisho mtu ambaye lugha imeshafika mpe pepa, ajue maswali yanakujaje, ajue muda, ajue kwenye kompyuta pa kubonyeza ni wapi. Hiyo inatosha. Hakuna mtu nimemuona anahitaji miezi sita kujifunza jinsi fomu ilivyo.

Naona naonyeshwa saa. Haya mbio mbio.

Kuandika. IELTS wanataka maneno 150 kwenye kazi ya kwanza na 250 ya pili. Anayeanza hana 250, kwaiyo mnampa ile insha ya kumeza, in this modern era sijui nini, anabandika mwanzo na mwisho alafu katikati anaweka ya kwake. Msahihishaji anauona mshono kama kiraka cha kitenge kwenye suti. Mimi anayeanza anaandika sentensi tano kwa siku, za maisha yake, na nasahihisha kitu kimoja tu kwa wiki. Wiki hii he na she peke yake, kwa sababu sisi tuna yeye mmoja anatosha watu wote, mtu anakuandikia my mother he is a nurse wala haoni shida. Wiki ijayo a na the. Hapo kwenye a na the nilikuwa na mambo mengi, tuache.

Kuongea. Dakika 11 hadi 14 ana kwa ana na mtahini, katikati unapewa mada, dakika moja ya kujiandaa, unaongea mpaka dakika mbili. Na hapa tena watu wanakariri. Mmoja alikariri hotuba ya mtu anayemheshimu, akapewa mada ya safari, akasema nilisafiri kwenda kumuona mtu ninayemheshimu, kisha akaimwaga yote. Mtahini akamsikiliza kwa upole alafu akamuuliza ulisafiri na nini? Kimya. Fundisheni watu kujibu swali dogo kwa sentensi tatu, kila siku, swali lisilotabirika, mpaka wazoee kukosea bila kusimama. Kusoma vitabu vyepesi vya ngazi nilitaka niseme pia, ila basi.

Maswali. Ndiyo, kaka wa shati la bluu. Anauliza amesoma miezi miwili, ajiandikishe mtihani wa mwezi ujao au asubiri. Simama tu hapo hapo kaka yangu, usiogope. Nitajie jina lako la ukoo kwa Kiingereza, herufi moja moja, kama upo kwenye simu. Taratibu hapana, kama upo kwenye simu. Na nyie wengine andikeni.

Eeh. Haya someni mlichoandika. Dada wa mbele una nini? Na wewe? Watu wawili, majina mawili, na mwenye jina anatikisa kichwa kwa yote mawili. Hiyo ada ya mtihani kaka, kaa nayo kwanza.