Kiti Karibu na Mlango

Mhadhara kwa washauri nasaha na maafisa ustawi wa jamii, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu; wenzangu, habari za mchana. Walioshuka kutoka Kibosho na mvua hii, poleni.

Leo sizungumzii watoto. Watoto wana namba 116 ya kupiga simu kuomba msaada, wana dawati lao polisi, wana Sheria ya Mtoto ya 2009, ingawa utekelezaji wake tunaujua wenyewe. Nazungumzia mtu wa miaka 47, pengine ana wajukuu, anayekuja kliniki kwa vidonda vya tumbo visivyopona na usingizi usiokuja. Utotoni alilelewa katika kituo cha watoto, au alilala bweni, na aliyekabidhiwa funguo za bweni lile alimfanyia mambo ambayo hajamwambia hata mke wake.

Mtaniuliza, kwa nini leo? Australia iliunda tume iliyofanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017, ikichunguza watoto walivyonyanyaswa kingono ndani ya taasisi. Iliona kwamba manusura walikaa kimya, kwa wastani, karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu. Kwa hiyo huyu wa 47 si kituko. Sisi tunampokeaje? "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali nzuri kwenye ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Kwa mtu huyu yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Sasa niruhusuni nikae kwenye jambo moja. Katika mji huu, ukitafuta wa kuongea naye, wanakuelekeza wapi? Parokiani, usharikani, au hospitali ya dhehebu. Ni watu wema, baadhi yao wamenifundisha kazi. Ila kama aliyemuumiza alivaa kanzu, au alikuwa matroni mwenye rozari shingoni, mmemrudisha kwenye geti lile lile. Ireland walilipatia ufumbuzi. Mei 1999 waziri mkuu wao, Bertie Ahern, aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa watu walionyanyaswa utotoni katika taasisi za kulelea watoto, ambazo nyingi ziliendeshwa na mashirika ya kitawa. Mwaka 2000 ikaanza huduma ya taifa ya ushauri nasaha, chini ya mamlaka za afya. Ni bure, na unapiga simu mwenyewe, bila barua ya daktari wala ya padri. Hatuna mfuko wa Ireland, sawa. Lakini chumba kisicho na picha takatifu ukutani wala kengele jirani hatukosi, hata kama kiko juu ya duka la misumari na mabati.

Humo chumbani, kiti chake kiwe karibu na mlango, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Kule kituoni ufunguo ulikuwa wa mtu mwingine. Muulize anapenda kuitwaje. Sisi kwa adabu tunakimbilia "baba", "mama". Vituoni walezi ndio walioitwa mama! Nimewahi kumwona mtu akijikunyata kwa neno hilo tu, limetoka kinywani mwangu, nami nadhani namheshimu. Siku hizi nauliza kwanza. Maji ya kunywa ajimiminie mwenyewe. Na akianza kukupotea, macho yapo lakini mwenyewe hayupo, usimvute arudi kwenye kisa. Mwambie akanyage sakafu kwa nguvu, achungulie dirishani, akutajie anachokiona. Kibo, kilele cha mlima wetu Kilimanjaro, ikiwa wazi ni bahati yenu. Imefunikwa? Ataje bodaboda.

Wala msimdai msamaha. Najua hapa nawagusa wachungaji, tutaongea kwenye chai.

Swali la mama pale nyuma: je, asipotaka kusimulia kabisa? Asisimulie. Nilikaa na mtu vikao sita tukizungumzia migomba yake, mnyauko ulivyoipiga na samadi inavyopanda bei. Kikao cha saba akaniuliza, ghafla tu, kama nami nimewahi kulala bweni. Nikamjibu ndiyo. Akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye migomba.